Hesabu ya Kituo cha Saba

Watu wakisikia kuna wanaolipwa kukaa kando ya barabara na kuhesabu magari, hucheka. Waache wacheke. Lakini ile taa inayokuchelewesha kila asubuhi, na kile kituo cha basi kilichowekwa mbali na pale ulipokitaka, vyote vilianzia kwenye karatasi ya mtu aliyekaa juu ya kiti cha plastiki, akichora vijiti vinne na cha tano akikilaza juu yake. Katika idara ya mipango ya jiji mtu huyo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwenye sauti ya kuamrisha na moyo laini kupita sauti yake. Ofisi nzima ilimwita Bi Hesabu.

Alikuwa na miaka kumi na minne kwenye kazi hiyo, na vijana wake wa kuhesabu walimwogopa kwa saa moja tu ya kwanza. Baada ya hapo walishamjua. Ukichelewa atakufokea mpaka jirani aone haya, kisha atakuuliza kama umekunywa chai.

Safari hii kazi ilikuwa kubwa. Jiji lilikuwa limeamua kuitengeneza upya njia ya kutoka katikati ya mji hadi uwanja wa ndege. Ni kilomita kumi na tisa tu, lakini asubuhi zilikula saa mbili nzima, na haikuwa ajabu kumwona abiria aliyevaa suti akishuka kwenye teksi na kutimua mbio na sanduku kichwani ili aiwahi ndege. Mpango ulikuwa mabasi ya haraka yapite katikati kwenye njia yao wenyewe, magari yapite pembeni bila kusimamishwa na mtu, na ukuta wa zege uwatenganishe wote na watembea kwa miguu. Kabla ya kuchora chochote, ilibidi kwanza ijulikane nani anapita wapi. Bi Hesabu akapewa Jumatano moja, vituo kumi na viwili, na maboksi mawili ya fomu.

Kituo cha Saba alikichukua mwenyewe. Kilikuwa mbele ya lango la zahanati, na ng'ambo ya pili ya barabara, kwenye vichochoro, ndiko alikokuwa akiishi na baba yake. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mzee alivuka pale kwenda kufanyishwa mazoezi ya viungo. Alikuwa fundi saa enzi zake, na kiharusi kilimchukua upande wa kulia, mkono ule ule uliowahi kushika bisibisi nyembamba kama mguu wa mbu. Kwa miaka miwili mtaalamu wa mazoezi pale zahanati alikuwa akiukunjua mkono huo kidole kimoja kimoja, na mwezi uliopita mzee aliweza kujifunga kifungo cha shati. Alikaa mezani akijifunga na kujifungua asubuhi nzima, mpaka Bi Hesabu akamwambia, "Baba, shati litachakaa." Lakini alisema hivyo akiwa amegeukia jiko ili mzee asimwone akifuta macho.

Basi, Jumatano ile. Walikuwa watatu pale kituoni: Bi Hesabu mwenyewe, kijana mmoja waliyemwita Mrefu kwa sababu zinazoonekana, na msichana waliyempachika jina la Mama Kijacho kwa kuwa tumbo lake la miezi saba lilikuwa likitangulia kufika kazini. Mpaka saa tatu jua lilikuwa limeshakuwa jua kweli. Mbele ya lango la zahanati hapakuwa na mti wala kibanda, ila ukingo wa barabara uliopakwa namba 7 kwa rangi nyeupe. Saa nne kasoro Mama Kijacho akaweka kalamu chini, akasema anaona nyota.

"Nyota mchana?" Mrefu akatania, halafu akamtazama vizuri, akaacha utani.

Bi Hesabu hakufikiri mara mbili. Hatua mia tatu kuelekea uwanja wa ndege kulikuwa na kituo cha mafuta chenye paa pana na kivuli cha kutosha watu thelathini. Akabeba viti viwili, Mrefu akabeba cha tatu na maji, wakahama.

"Dada, si tuliambiwa tukae kwenye namba?" Mrefu aliuliza wakiwa njiani.

"Gari linalopita kwenye namba linapita na hapa. Kuna litakalopaa?"

Hakuna lililopaa. Kwa magari, hesabu ya pale kwenye kivuli ilikuwa sahihi kama ya kwenye jua, na hivyo ndivyo wahesabuji wote wa jiji lile walivyofanya tangu zamani. Namba ya kwenye ukingo ilikuwa ya mainjinia. Kivuli kilikuwa cha wahesabuji. Fomu, iliyojazwa kila robo saa, ilikuwa na safu za magari madogo, mabasi, malori na pikipiki. Mwisho kabisa, pembeni, palikuwa na safu nyembamba ya watu wanaovuka kwa miguu. Mbele ya kituo cha mafuta barabara ilikuwa na mtaro mpana katikati, wa kumfika mtu kifuani, na hakuna mwenye akili timamu aliyevukia hapo. Kutwa nzima walipata watu kumi na watatu. Bi Hesabu aliiona namba hiyo jioni alipokuwa akijumlisha, na haikumtia wasiwasi. Katika miaka yake kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za safu ya mwisho. Akatia sahihi.

Nyumbani mzee alimpokea kwa kejeli. "Nimefika pale langoni nimevaa shati zuri ili nihesabiwe, sikukuona. Nikajua mmekwenda kunywa chai."

"Tulisogea kivulini, baba."

"Mmefanya vizuri," mzee akasema. "Jua la leo halikuwa na adabu."

Miezi mitano baadaye aliitwa kwenye ukumbi wa mikutano. Mpango ulikuwa tayari, na wakuu wa vitengo walikaribishwa wauone kabla haujapelekwa juu. Palikuwa na viyoyozi, chupa ndogo za maji, na Injinia wa mradi, kijana mwerevu mwenye heshima, aliyekuwa akimwamkia Bi Hesabu shikamoo hata mbele ya wakubwa. Aliwasha mashine na barabara nzima ikatokea ukutani, kutoka katikati ya mji hadi uwanja wa ndege. Dakika ishirini na mbili, alisema, na watu wakapiga makofi.

"Na hatukuwasahau wanaotembea," Injinia akaendelea, kwa fahari ambayo haikuwa ya bure. "Miradi mingi hujenga madaraja ya kuvukia watu pale ambapo fundi ameona panafaa. Sisi tumefuata hesabu. Wanapovuka watu wengi, ndipo tumeweka daraja." Akabonyeza kitufe, na juu ya barabara yakaota madoa mekundu, makubwa penye watu wengi, madogo penye wachache. Kituo cha Tano kilikuwa na doa kama sahani. Cha Tisa vilevile. Cha Saba kilikuwa na kidoa ambacho Bi Hesabu, aliyekuwa amekaa safu ya tatu, alidhani kwanza ni uchafu wa ukutani.

Safu ya mwisho imesomwa. Baada ya miaka yote ile, mtu mmoja mwadilifu ameisoma safu ya mwisho na kuiamini, na ameiamini kwa sababu ina sahihi yake.

Kutoka daraja la Kituo cha Tano hadi la Kituo cha Tisa zilikuwa kilomita nne na ushee, ukuta mtupu. Zahanati ilikuwa katikati yake.

Wengine walipokwenda kwenye vitafunwa, alimvuta Injinia pembeni. Hakuzungukazunguka. Alimwambia habari ya jua, ya mimba, ya kivuli, ya mtaro. "Pale langoni kwa siku wanavuka watu elfu mbili, tatu. Wagonjwa. Kina mama na watoto mgongoni. Naishi pale, mwanangu, nawaona kila siku."

Uso ulimsawijika Injinia. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Sikujua mnaisoma."

Hilo lilimuumiza kijana, ilionekana. Akamchukua mpaka kwa Mkuu wa Idara siku ile ile. Mkuu alikuwa mtu mpole, na kwa kweli ingekuwa nafuu kama angekuwa mkali. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Nikipeleka barua kwamba hesabu ya Kituo cha Saba si ya kweli," alisema taratibu, "kitu cha kwanza watakachoniuliza wenye fedha ni hesabu za vile kumi na kimoja. Bi Hesabu, hebu niambie wewe. Huko kwingine walikaa kwenye namba?"

Bi Hesabu aliwajua watu wake. Wa Kituo cha Pili hukaa kwenye kibaraza cha duka. Wa Kituo cha Kumi wana mti wao. Angeapa kwa kipi?

"Wataurudisha mpango wote," Mkuu akasema. "Miaka mitatu mingine. Na wahesabuji wako wote watafukuzwa, na wa kwanza ni huyo mwenye mtoto mchanga. Hilo ndilo unalotaka?"

"Nataka daraja moja tu."

"Andika barua. Nitaiweka kwenye faili."

Aliandika. Aliandika bila hata neno moja la kujitetea: nilikosea, watu wapo, njooni muwaone. Jibu lilikuja baada ya wiki saba, aya moja, kwamba hoja yake imepokelewa na itazingatiwa wakati wa tathmini baada ya ujenzi. Alilisoma amesimama kwenye korido, akalikunja, akalitia kwenye mkoba, akarudi mezani kupanga hesabu ya barabara nyingine. Ungetaka afanye nini? Watu hupenda kusema wangepiga meza. Meza ya nani?

Habari hiyo alimwambia baba yake mwenyewe, jioni, akiwa anamkata kucha za mkono ule mgonjwa. Alidhani mzee atatania kama kawaida yake. Mzee aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake alioombwa amshikie.

"Kwa hiyo walikuamini wewe, na wewe ukawahesabu watu mahali wasipopita," alisema hatimaye.

"Baba, nisamehe."

"Yule binti mwenye mimba alijifungua salama?"

"Salama. Wa kike."

"Basi." Na hakuligusa tena jambo hilo, hata siku matingatinga yalipofika.

Ukuta ulipanda haraka kuliko kitu chochote kilichowahi kujengwa katika jiji lile. Wiki ya kwanza watu walipita kwenye mianya. Wiki ya tatu mianya ikazibwa, juu yake wakaweka vyuma, na askari wa mradi wakawa wanatembea na filimbi. Barabara ikafunguliwa kwa ngoma na hotuba, na kusema haki ilikuwa nzuri. Mtu alitoka kwenye ndege, na kabla hajamaliza kuwapigia simu wa kwao kwamba amefika, alikuwa mbele ya hoteli.

Daraja la karibu lilikuwa mwendo wa kilomita mbili, na ngazi sabini na mbili za kupanda na nyingine kama hizo za kushuka. Mzee alijaribu mara moja, na Bi Hesabu akiwa nyuma yake. Walipofika ngazi ya kumi na tisa, akakaa. Kwa gari ilibidi kwanza uende mpaka mzunguko wa mjini ndipo ugeuke, na pikipiki zilipigwa marufuku kwenye barabara ile. Mguu wake hata hivyo haukuweza kupanda pikipiki. Kila Ijumaa Bi Hesabu aliomba ruhusa, akakodi teksi, akampeleka. Mtaalamu wa mazoezi akamwambia kweli: mara moja kwa wiki ni danganya toto. Kweli yenyewe ilikuwa ikionekana. Kidole cha mwisho kilikunjika, kikafuata cha pembeni yake. Ilipofika miezi minane, Bi Hesabu ndiye aliyekuwa akimfunga baba yake vifungo, na wote wawili walikuwa wakitazama dirishani kazi hiyo ikifanyika.

Tathmini baada ya ujenzi ikaja kweli, kama barua ilivyoahidi. Injinia mwenyewe alishuka ngazi mpaka ofisini kwa Bi Hesabu kumpa habari, na alikuwa na furaha ya mtu aliyehangaikia jambo hilo.

"Nimekupigania, mama. Kituo cha Saba kitahesabiwa upya. Siku nzima, watu wanaovuka tu. Mkipata zaidi ya mia tano, nina fungu la daraja moja."

Bi Hesabu alimtazama kijana wa watu. "Watavukaje?"

"Samahani?"

"Kuna ukuta, mwanangu. Wanaovuka watavukaje nikawahesabu?"

Injinia alikuwa mwerevu, na ungeweza kuona akili yake ikizunguka, ikitafuta pa kutokea. "Wapo wanaoruka," alisema mwishowe. "Siku zote wapo. Hesabu hao. Kisichokuwepo kwenye hesabu siwezi kukijenga, mama, nisamehe. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi."

Wakarudi, Jumatano tena, watu wale wale watatu. Mtoto wa Mama Kijacho alikuwa amebaki kwa bibi yake. Safari hii waliweka viti vyao mkabala na namba kabisa, upande wa nyumbani, kwenye jua, na Bi Hesabu hakuruhusu kiti kisogee hata unyayo mmoja. Mbele yao ukuta uliwafika kifuani, na vyuma juu yake. Ng'ambo ya njia za magari na njia ya mabasi, na ukuta mwingine kama huo, lilionekana lango la zahanati. Askari wa filimbi alikuwa akipita kila baada ya dakika chache, kwa hiyo hata wale wa kuruka hawakuruka.

"Dada," Mrefu akanong'ona ilipofika saa tatu, "tupige vijiti mia sita tumalize. Kwa kazi njema. Nani atajua?"

Bi Hesabu akainua kidevu kuelekea mlingoti wa taa. Juu yake palikuwa na kamera mpya. Sasa kila hesabu ililinganishwa nayo. Nalo lilikuwa pendekezo la ile barua yake mwenyewe, au ndivyo walivyoielewa.

Baba yake alitokea kwenye kichochoro saa nne kasoro, peke yake, ameegemea fimbo, mguu wa kulia ukiburuta vumbi. Hakuwa ametoka nyumbani bila kushikwa mkono kwa miezi mitatu. Bi Hesabu alisimama, kiti kikaanguka.

"Baba! Umekujaje?"

"Kwa miguu. Mmoja na nusu." Alikuwa akihema, jasho linamtiririka, lakini alikuwa amenyoa ndevu. "Nimesikia leo mnahesabu tena. Mmeshapata wangapi?"

Mama Kijacho akamwonyesha fomu tupu.

"Basi nihesabu mimi."

"Baba, anahesabiwa anayevuka."

"Nilikuwa navuka. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Miaka miwili. Andika hivyo."

"Fomu haina mahali pa kuandika hivyo."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Akaiegemeza fimbo ukutani. Akaushika ukuta kwa mkono mzima, na ule mwingine akaupandisha juu ya zege kwa kuusukuma na bega, ngumi iliyokunjika isiyoshika kitu. Kisha akajaribu kuuinua mguu. Ulitoka chini kiasi cha kiganja, ukarudi. Akajaribu tena. Basi la haraka lilipita likielekea uwanja wa ndege, na upepo wake ukampeperushia kofia. Filimbi ikalia. Mrefu aliangalia pembeni.

Bi Hesabu alimfikia jaribio la tatu, akamkumbatia kiuno kwa nyuma, akamvuta. Alishangaa jinsi mzee alivyokuwa mwepesi. Mzee hakubishana naye. Aliuegemeza uso wake kwenye ukuta na mabega yakaanza kutikisika, na binti yake, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumwona akilia, alisimama pale amemshika na hakujua la kusema isipokuwa nisamehe, nisamehe baba, mpaka neno lenyewe likaisha maana.

"Rudi kwenye kiti chako," mzee alimwambia bila kugeuka. "Fanya kazi ya watu sawasawa. Usikosee tena."

Nyuma yao Mama Kijacho alikuwa ameishika kalamu, macho yamemjaa. Alisubiri kadiri alivyoweza, kisha akauliza kwa sauti ndogo, kwa sababu lazima mtu aulize.

"Dada, robo saa imekwisha. Waliovuka niandike wangapi?"

Bi Hesabu hakumwachia baba yake. Akasema aandike sifuri.